Nilimwacha Sihaba kwa Kosa la Kongosho

Ndugu Mshauri, baada ya salamu naomba unisaidie, maana mimi ni mwalimu niliyezoea kusema mbele ya watu na ufasaha wangu huo ndio ulioniponza. Mwaka mzima nilikuwa nakula na kukonda, dada yangu Tatu akiniambia maradhi haya yana mkono wa mtu na mtu mwenyewe ndiye anayenipikia, na mke wangu Sihaba kwa huruma akizidi kunitilia samli na tui zito, nami nikizidi kukonda, mpaka siku moja alipokwenda kunimwagia chombo changu cha haja, kwa udhaifu niliokuwa nao, akarudi akaniambia, "Mume wangu, mafuta yanaelea. Chakula chapita tu, hakikai. Twende kwa daktari." Neno lile nikalipeleka mbele ya wazee wa pande mbili, nikawauliza kwa sauti ya darasani angejuaje kama si yeye aliyeniroga, wakaafikiana nami, nikamwacha talaka moja.

Sasa nala kwa Tatu na mwili bado wapukutika. Juzi daktari amenieleza kwamba nyuma ya tumbo kuna kongosho, ambalo humwaga maji yake utumbuni ili mafuta, nyama na wanga visagike viingie mwilini, na langu limeharibika, ndiyo maana mafuta hutoka kama yalivyoingia. Amenipa dawa ya unga ya kushika kazi ya maji hayo. Eda haijaisha. Je, nimrejee kimya kimya?

Msabaha, Zinga

Bwana Msabaha, pole. Pole hiyo ni ya kongosho. Usiichukue kwa jambo jingine.

Mkeo aliyatazama ambayo dada yako asingeyatazama, akakwambia kweli kwa maneno machache, nawe ukamlipa kwa hotuba. Alikosea samli tu, na hilo alilitenda kwa kukupenda.

Sheria yakuruhusu kumrejea ndani ya eda hata asipotaka. Nakusihi usilitamke neno la kumrejea kwanza. Akirudi kwa siri, atarudi akiwa mchawi aliyesamehewa.

Unga huo utumie pamoja na kila chakula, ule kidogo kidogo, na mafuta umwulize daktari kiasi chake. Kisha Ijumaa hii waite wazee wale wale, Tatu akiwapo. Usihutubu. Sema, "Sihaba aliniambia mafuta yanaelea, na alisema kweli. Mimi nilimsingizia." Ukae chini.

Ndipo umpelekee mtu akamwulize kama angali anakutaka. Akisema hapana, iache eda iishe.