Robo Saa Niliyoiomba Mlimani

KITUO CHA POLISI: MAELEZO YA SHAHIDI (YA NYONGEZA)

Shahidi: mwanamke, miaka 54. Jina limehifadhiwa jaladani.
Kazi: mchoraji wa mandhari, zamani mwalimu wa sanaa.
Makazi: chumba cha uani, nyumbani kwa kaka yake.
Tarehe 14, saa 4:10 asubuhi.

Nimerudi kwa hiari yangu. Jana nilipoulizwa ni nani aliyechelewesha kushuka, nilijibu "sikumbuki". Wifi yangu alikuwa ameketi pembeni yangu. Nakumbuka vizuri sana.

Mnamo tarehe 11, saa 12 asubuhi, mimi na kaka yangu mwenye miaka 63 tuliondoka kwenye kibanda cha wapanda mlima kwenda kwenye ukingo unaotazamana na kilele, mwendo wa saa mbili, mahali pasipoota hata jani. Tulikwenda kuchora barafu ya kilele, kwa siku ya tatu mfululizo. Tuliongozwa na kiongozi wa mlima ambaye wenzake humwita Kobe, maana hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha.

Kuchora kule si starehe. Rangi za mafuta hukakamaa mpaka uzipashe moto kwapani. Upepo uliangusha stendi yangu ya kuchorea mara mbili, nikaifunga kwenye jiwe kwa kamba. Kufikia saa 4 nilikuwa nimeikwangua picha yangu mara tatu, kwa sababu kivuli cha barafu kilihama kila nilipokaribia kukinasa. Nilikuwa na hasira. Naomba hilo nalo liandikwe.

Saa 5 Kobe alimsikia kaka akikohoa, akamuuliza kama kichwa kinamuuma. Kaka akasema kidogo.

"Mzee, huku juu hakuna kidogo. Tushuke."

Kaka hakugeuka. "Wewe shika njia, mimi nimeshika brashi."

Kobe akanijia mimi. "Mama, wewe atakusikia. Mwambie."

Nilimjibu, "Mwache amalize. Anaomba robo saa tu."

Kaka hakuomba robo saa. Niliiomba mimi. Kivuli kilikuwa kimetulia, na kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu mkono wangu ulikuwa unanitii.

Robo saa ikazaa nyingine. Kobe alirudi mara nne, na mara ya nne nilimfokea. Saa 7:30 ukungu ukashuka. Kaka alikuwa amevua glavu ili aishike brashi vizuri. Alipojaribu kusimama, miguu haikumbeba, na maneno yake hayakueleweka.

Kobe alimbeba mgongoni hadi chini ya mwamba uliokinga upepo. Simu hazikuwa na mtandao. Akavua koti na glavu zake, akamvalisha kaka, akaniambia nisimwache alale. Kisha akashuka na sweta tu. Siku hiyo alikimbia. Saa 11 jioni alirudi na wapagazi wanne na machela.

Wifi anasema Kobe alimtelekeza mteja. Hakumtelekeza. Madaktari wamesema vidole viwili vya mkono wa kulia wa kaka havitapona. Naelewa wifi anatafuta wa kumlaumu, ila amemshika asiyehusika. Huyo mtu yuko mahabusu siku ya pili, masikio yamemvimba kwa baridi, na hajawaambia kwamba nilimfokea. Nimeuliza. Hajasema.

Afisa ameniuliza kama picha yangu ilikamilika. Ndiyo, na ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Haya ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa, nayo ni kweli.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mwenyewe na kumsomea shahidi. Kiongozi wa mlima ameachiwa saa 8:40 mchana. Wifi wa shahidi, aliyemleta kwa gari, amearifiwa yaliyomo katika maelezo haya na ameshaondoka. Shahidi ameulizwa atarudije. Amesema atatembea.