Flash Yako Itanifikia Efeso

Kitengela,
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa dada yangu Mama Ezra,

Nakusalimia kwa jina la Yule anayetushikilia sisi wawili, wewe huko Illasit na mimi hapa. Goti linaendeleaje? Na vitunguu? Ndolo, alipoleta vitunguu vyenu soko la huku, aliniambia mvua imewakumbuka lakini imewaharibia barabara, kwa hivyo sijui kama nikupe pole ama nikupongeze. Sisi hapa tunashukuru Mungu. Baba Kui ako sawa, isipokuwa meno. Kuku wanataga, ingawa hii baridi imewapunguza kidogo. Mimi nami niko, tutafika hapo.

Nakuandikia barua kwa sababu SMS zako Ezra huzisoma kabla yako, na haya mengine si ya Ezra. Ni mtoto mzuri, lakini mdomo wake ameurithi upande wa baba yake, unisamehe. Ndolo atakuletea hii akirudi na pickup, pamoja na trei ya mayai. Ukipata mayai bila barua, mwulize.

Habari yenyewe ni hii. Kui wangu amenikatia tiketi ya ndege. Anasema safari zangu zote tangu anijue zimekuwa za mazishi ama za mahari, na mwaka huu lazima nitoke nitembee kama watu. Amepewa likizo huko ofisini kwao, na tunaenda Uturuki, mimi na yeye, wiki nzima. Nilidhani ni mzaha mpaka akaniuliza ningependa kuona nini, na mdomo wangu ukasema Efeso kabla mimi sijafikiria. Unakumbuka vile marehemu mama alipenda ile barua ya Waefeso, mpaka kwa Biblia yake hizo kurasa zikaanza kutoka. Kui akatafuta kwa simu, akanionyesha nguzo za mawe na barabara nyeupe, akasema iko huko huko Uturuki, unaingia kwa gari asubuhi na unarudi jioni. Nililia kidogo. Nikamwambia ni kitunguu.

Furaha hiyo ilikaa siku moja. Asubuhi iliyofuata kabambe, ile simu yangu ndogo ya zamani, ikalia mara moja pale dirishani, ikanyamaza, nikajua ni wewe umeamka. Nikakuflash nami, nikakata kabla ushike. Halafu nikabaki nimesimama hapo na kikombe cha chai nikijiuliza, huko Efeso hii flash itanipata wapi?

Tangu masikio yako yafunge na shemeji akatuacha, hatujawahi kukosana asubuhi, isipokuwa ile siku moja. Wewe unaflash kukipambazuka, maana yake umeamka na Mungu ni mwema. Mimi nakurudishia, simu inawaka taa na kutetemeka hapo kifuani mwako, maana yake nimepata. Watu wengine wataona ni mchezo wa watoto. Lakini wewe unalala peke yako kwa hiyo nyumba, Ezra ako kwake ng'ambo ya shamba, na ukianguka hapo hakuna wa kusikia, na akiita mtu nje wewe mwenyewe hutasikia. Kwa hivyo nilimwambia Kui bila hiyo flash mimi siendi, hata kama Paulo mwenyewe ananingoja kwa lango.

Kui akasema kabambe haiwezi kusafiri. Unajua betri yake imefura, nimeifunga na mpira wa nywele, na ukiitoa kwa chaja inazima hapo hapo. "Mum, hiyo kitu haipandi ndege," akasema. Nibebe ile simu kubwa aliyoninunulia Krismasi. Lakini hiyo simu kubwa iko na tundu moja tu la kadi, na ndani mnakaa ile laini yangu inayojulikana na watu wote. Laini yetu, ile ya zamani ambayo umebaki kuipigia wewe peke yako, iko kwa kabambe.

Hapo ndipo nilianza kusikia habari ya eSIM. Wacha nikueleze vile nilielezwa. Ni laini isiyo na kadi. Huishiki na huiingizi popote. Unanunua kwa mtandao, wanakutumia picha ya vidoadoa vyeusi, simu inaiangalia hiyo picha na laini inaingia yenyewe. Nilimwuliza Kui kama ni kitu kama Roho, akacheka mpaka akakaa chini. Kazi yake ni kukupa bando ya nchi unayoenda, ndio usiumizwe ukiwasha data ya huku. Lakini nyingi ya hizo laini ni za data peke yake. Hazina namba. Na kitu haina namba, utaiflash aje?

Kuchagua nako kulinimaliza. Kuna ya nchi moja, kuna ya bara zima, kuna ya dunia yote. Kuna za bando kidogo, na kuna zile zinasema hazina mwisho, halafu ukisoma maandishi madogo chini unakuta mwisho wake uko. Kui alitaka nichukue hiyo ya haina mwisho, ndio nipatikane kwa video saa yoyote. Baba Kui akamuunga mkono sana. Unamjua Hiram. Tulipomzika mama ya pasta, jeneza likiteremshwa, alinipigia kuniuliza kiberiti kiko wapi.

Basi Hiram akasema hii mambo atasimamia mwenyewe, kwa vile yeye ni mzee wa kanisa na hawezi kushindwa na laini. Tukaenda kwa Brayo, yule fundi wa simu hapa karibu na soko. Brayo akauliza ni nchi gani, nikasema Uturuki. Akasema hapo awe mwangalifu, kwa sababu kampuni zingine zinaiweka Ulaya na zingine Asia, tumpe dakika aangalie. Hiram akamwambia asijisumbue.

"Ufunuo, mlango wa kwanza," akasema. "Yohana, kwa makanisa saba yaliyo Asia. Na la kwanza kutajwa ni Efeso. Weka ya Asia."

Watu waliokuwa wakingoja simu zao wakaitikia amina. Nani atabishana na Ufunuo? Hata mimi nilijivunia bwana yangu. Brayo akaweka ya Asia.

Kui alipokuja Jumamosi ya juma lililopita akaifungua akaanza kusoma: Japani, Korea, Malesia, Tailandi. Uturuki haikuwako. Hiyo kampuni imeiweka na Ulaya. Akamwambia baba yake kwa upole kwamba inaonekana hawakumuuliza Yohana. Hiram alitoka akaenda kuangalia kuku, na wewe unajua tangu tuoane huyu mtu hajawahi kuangalia kuku. Basi sasa simu yangu iko tayari kwenda Japani, ni mimi tu siko.

Nilirudi kwa Brayo peke yangu. Nikamweleza habari yako, masikio na nyumba na asubuhi zetu, yote. Aliweka chini hata ile simu alikuwa ameifungua matumbo, akasikiliza. Akaniambia nimekuwa nikiisumbua eSIM na kazi si yake. Yeye atakaa ndani anipe bando, basi. Lile tundu la kadi bado liko. Niweke hapo laini ya Kenya, nizime data yake lakini nisiizime yenyewe, na itaita hata huko Uturuki. Nisiposhika sikatwi kitu, na wewe ukikata kabla nishike, hukatwi. "Flash haina mpaka, mathe," akasema. Na Kui ameniambia saa ya huko na ya hapa ni moja, hakuna hesabu ya kufanya. Saa kumi na mbili yako itakuwa saa kumi na mbili yangu. Niliona hapo ni Mungu amepanga.

Nilitoka hapo nikiwa mwepesi, mpaka nilipofika kwa lango. Hapo nikaona jambo lingine. Ikiwa laini yangu itaita huko, basi haitaita kwa ajili yako tu. Itaita na Hiram na kiberiti. Itaita na wamama wa kanisa, kwa sababu maombi yakianza ni mimi napigiwa ndio niwapigie wengine. Itaita na mpangaji wa Isinya na tenki lake, na shemeji zangu ambao hawaongei wao kwa wao, wanaongea kupitia kwangu. Nitasimama mahali Paulo alisimama nikieleza mtu vile dawa ya kuku huchanganywa.

Naserian, yule mama wa maziwa, alinikuta bado nimesimama pale. Akanisalimia kwa Kimaasai, sopa, nikamjibu epa, akaniuliza mbona nimeshika simu kama mtu ameshika nyoka. Nikamweleza. Akasema kwake huko ndani ya Isinya network iko juu ya kichuguu kimoja peke yake, na anayemtaka hungoja apande. Nikamwuliza, na akichoka nao?

"Nashuka," akasema, akapima maziwa.

Sasa dada, hapa ndipo nilikuwa nakuja. Ile siku moja ambayo sikukurudishia flash, mpaka ukamtafuta Ndolo akaacha mzigo wake huku sokoni akaja kuniangalia, nilikuambia umeme ulipotea, kabambe ikazima. Umeme ulikuwako. Nilikuwa nimeingia kwa kuku kabla kupambazuke na ile simu kubwa mfukoni. Ikalia, nikashika. Ikalia tena, nikashika. Ilipolia tena niliiangalia na mkono ukakataa kuinuka. Nikafungua gunia la chakula ya kuku, nikaizika huko chini kabisa, nikafunga gunia. Bado niliisikia ikilia ndani kama kifaranga. Nikakaa chini kwa maranda, kuku wakaja wakanipanda mapajani, na nikalala. Wewe ukiniita kule dirishani mimi nililala, na hilo ndilo huniuma. Ndolo ndiye aliniamsha. Nilimwomba asikuambie na ameheshimu, kwa hivyo usimkasirikie. Baadaye daktari alinipima akasema pressure iko juu na nipunguze mambo. Nyumbani nilisema ni miguu.

Nimechoka, Mama Ezra. Nalala na ninaamka vile nililala. Naomba, na katikati ya maombi najipata nikifikiria ni nani sijampigia. Hii safari Kui anadhani ananipeleka kuona mawe. Mimi naenda mahali hakuna mtu ananijua jina.

Kwa hivyo nimefanya hivi. Nimenunua eSIM ndogo kabisa, ya Uturuki peke yake, inatosha ramani na Kui kunipata tukipotezana. WhatsApp nimemwambia azime kwa sababu bando ni kidogo, na huo si uongo. Ile laini yangu ya watu wote nimeitoa kwa simu kubwa nikaiingiza kwa kabambe, pale pale dirishani kwa chaja. Na laini yetu ya zamani ndiyo iko kwa simu kubwa. Ndio maana jana nilichelewa kukurudishia, nilikuwa natafuta pini ya kufungua tundu. Mimi naenda na laini inayojulikana na mtu mmoja tu duniani, na huyo mtu hawezi kusikia nikiongea.

Hiram hajui. Atajua siku ndege ikiondoka, kabambe ikianza kulia hapo karibu na kiti chake, na haiwezi kutolewa kwa chaja. Atazungumza na ndugu zake mwenyewe. Atawapangia wamama maombi. Kiberiti kiko rafu ya juu, nimemwandikia kwa karatasi nikabandika ukutani. Nilidhani nitajisikia mwenye dhambi, na nikaliombea jambo hili. Jibu sikupata, lakini nilipata usingizi, nikaamua hilo ndilo jibu.

Nikifika kwa ile barabara nyeupe nitatoa Biblia ya mama, nisome Waefeso kwa sauti, mahali palipoandikiwa. Nitakuokotea kajiwe kama hawakatazi. Nisalimie Ezra na bibi yake na wote wa kanisani kwenu, na ujipake ile dawa ya goti kabla ya kulala, usingoje liume kwanza. Bwana akuwekee mkono wake wakati mimi niko mbali.

Kitu kimoja cha mwisho. Wewe endelea kuflash kila asubuhi, usiruke hata moja. Nitaweka simu chini ya mto. Nitakurudishia. Lakini ikitokea asubuhi moja nisirudishe, tafadhali usimtume mtu yeyote.

Ujue tu nimelala.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Mugure.