Kitenge Nilichokifungua Majini

Ines, mjukuu wangu,

Hapa Butihinda sisi sote tu wazima. Maharage yamekubali, na mguu wa mama yako umepona, ila bado anachechemea kwa madaha.

Umeniuliza kama uende kupiga mbizi kwenye kisiwa kile kitulivu cha Karibi, kwa kuwa mjomba wako amekukataza. Anasema msichana wa Kirundi hana kazi chini ya maji.

Maneno hayo niliyasikia ujanani, tulipokuwa wakimbizi Kigoma. Shangazi aliniruhusu kuoga ziwani kwa sharti moja: anifunge kitenge kirefu kiunoni, juu ya gauni, naye ashike ncha yake ufukweni.

“We binti, ukienda mbali nakuvuta kama mbuzi!”

Maji yaliponifika kifuani nilikifungua, nikajizamisha macho wazi. Samaki wadogo wa buluu walinizunguka bila hofu. Nilipoibuka, shangazi alikuwa anavuta kitenge kitupu huku akipiga mayowe. Nilimpungia mkono, nikazama tena.

Wanaokuzuia wanakupenda. Hiyo si sababu ya kubaki. Jifunze, mtii mwalimu wako wa mbizi, kisha uende. Mjomba wako nitamjibu mimi niliyemzaa.

Bibi yako