Jicho la Sekela

Shikamoo dada Neema,

Nyama choma ya Tunduma ni tamu, ila mke wangu Sekela imemshinda kutafuna. Nilikuwa nimemnunia kwa kuwa alikuwa akiwakonyeza madereva wa malori, lakini nikampeleka hospitali. Daktari, kijana mtanashati, akamwambia atazame juu dakika nzima. Wivu ukanikaba. Kope ya jicho lake moja ikashuka yenyewe. Daktari akasema misuli ya Sekela inachoka upesi, akaagiza CT skani ya kifua. Kumbe ana uvimbe kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, na ugonjwa huo wa misuli unatokana nao. Atafanyiwa upasuaji Mbeya.

Tuombeeni, na mama msalimie sana.

Lakini dada, mwaka jana sokoni Itumba alinikonyeza mimi, ndipo nikapeleka posa. Sijathubutu kumuuliza kama na siku ile alikuwa anaumwa.

Mdogo wako, Ambakisye