Ukuta wa Dada Zuhura

Baba yangu,

Shikamoo. Nyumba za kwenye picha niliyoambatisha ndizo za mtaa wa Dada Zuhura hapa Mayfair, huku kusini mwa Afrika. Ziko sita, za mtindo wa vijiji vya Uingereza vya zamani, zimebanana kama watu wanaopigwa picha ya harusi. Matofali mekundu, bomba la moshi juu ya kila paa, na vibaraza vyenye chuma kilichotobolewa kama kimia. Ya Dada ni ya tatu kutoka kushoto.

Nilipofika, ukuta wa sebuleni ulikuwa unatoka jasho na kubanduka. Shemeji alishaupiga saruji mara mbili, na alikuwa anakoroga ya tatu. Nikakwangua kwa kijiko, ule unga nikausugua vidoleni kama ufanyavyo wewe. Chokaa! Chokaa kama ya nyumba yetu ya Tanga.

"Shemeji, ukuta huu unapumua. Saruji inauziba pua."

Akacheka. "Eish! Umekuwa fundi tangu lini?"

"Tangu nilipokuwa namchotea Baba maji ya kukorogea."

Nimebandua saruji yote na kupaka chokaa kwa mikono yangu. Leo wiki ya tatu, ukuta mkavu. Mama wa nyumba ya nne kaja kuniomba nikamtazamie wake.

Ulisema kazi hii si ya mtoto wa kike. Mwiko wa kupakia chokaa nimenunua, narudi nao. Jipake mafuta ya karafuu mgongoni, na ngazi usipande. Ule ukuta wa mbele wa nyumba yetu niachie mimi.

Mwanao akupendaye,
Mwanaidi