Mbu wa Nyakach Wameisha

Nyar Nyakach, binti wa Nyakach,

Mbu wako wamekufa wote. Nimeona nianze na hilo, kwa sababu hukupenda mtu akuzungushe. Nikileta salamu ndefu ulikuwa unanikata: "Okoth, watu wa Bondo mnasalimia mpaka mgonjwa anapona. Sema shida." Basi shida ndiyo hiyo. Chumba kile ulichokiita hoteli ni kitupu. Vizimba vimerundikwa ukutani, neti zake zimelegea, na mimi nimekaa humo humo nikikuandikia, maana ofisi yetu wamepewa watu wa uhasibu.

Najua ungecheka kwanza. Mtu mzima, kipara, digrii tatu, analilia mbu. Mama Rose anayefagia maabara alinikuta nimekumbatia kizimba siku ile walipokufa, akaniangalia kwa huruma kabisa. "Lakini Dakta, si hiyo ndiyo mmekuwa mkitaka miaka yote? Wakufe?" Ningeanzia wapi kumweleza kwamba hawa ni wale ambao dawa ya neti haiwaui? Kwamba uliwatoa mwenyewe kwenye madimbwi ya kwenu Pap Onditi, sketi umeikunja mpaka magotini, ukawalea kizazi baada ya kizazi ili tujue wanawezaje kuishi na sumu inayoua wenzao? Nilisema tu, "Asante, Mama Rose," nikaendelea kukumbatia.

Ulipotuacha, mradi haukukaa sana nao ukakufuata. Unamkumbuka profesa wetu wa ng'ambo, yule uliyempa jina la Twiga kwa sababu aliinama kila mlango wa Kisumu? Alitupigia kwa video akasema serikali yao imekata pesa za ushirikiano na vyuo vya huku. Alikuwa analia, dada. Nami nikawa namfariji. "Usijali, Prof, tutajipanga." Ungedhani aliyefutiwa mradi ni yeye na mimi ndiye mfadhili.

Tukajipanga kweli. Mashine ya kutia chumba unyevu ilipokufa hakukuwa na fundi, kwa hiyo nikawa naloanisha mataulo na kuyatandika juu ya vizimba, kama mama anayemshusha mtoto homa. Asubuhi nilienda machinjioni na ile thermosi kuchukua damu ya ng'ombe ya kuwalisha. Wachinjaji bado wananiita Daktari wa Damu, na nadhani kuna watoto mtaani Nyalenda wanaotishwa kwa jina langu wakikataa kulala. Mke wangu hajanywa chai ya thermosi yoyote tangu alipojua. Baridi ya ule msimu wa mvua ilipozidi nilimwomba tuweke vizimba viwili tu jikoni, karibu na jiko. Hakugomba. Aliweka mwiko chini. "Baba Awino, nchi nzima inagawiwa neti, na wewe unaniletea mbu kwa nyumba. Na ni wale hawakufi." Nikaona ana hoja.

Akinyi ndiye aliyenibeba. Huyu msichana wako wa uzamifu, niliyedhani ni mpole mpaka nilipomwona akigombana na mtu wa stima. Alibakiza jaribio moja tu. Moja! Miaka yake yote ya kusoma iko ndani ya mbu hao, na bila jaribio hilo hakuna tasnifu. Siku ile pale wodini, nilipokuletea matunda ambayo hukuweza kula, ulinishika mkono ukasema, "Mimi niache. Akinyi amalize." Nikakwambia hilo ni dogo.

Halafu ukaja mgomo wa wahadhiri. Nami nilinyoosha mkono tugome, nisijitie utakatifu hapa. Lakini walipofunga geti nilikuwa pale asubuhi na thermosi yangu nikimbembeleza askari. "Dakta," akaniambia, "si nyinyi ndio mmegoma? Sasa utagoma huku nje na kufanya kazi huko ndani?" Nilimwambia mbu hawako kwa chama. Alicheka mpaka akashika kofia, lakini geti hakufungua. Akinyi alikuja kujaribu na machozi, mimi nikarudi na barua ya mkuu wa idara. Geti lilikuwa geti.

Tulipoingia hatimaye, maji yalikuwa yamekauka kwenye yale makopo ya kusimamishia miguu ya vizimba. Sisimizi walikuwa wamepanda. Dada, dawa za viwanda vya dunia nzima ziliwashindwa mbu wako, wakamalizwa na sisimizi. Akinyi alipiga magoti na tochi, kizimba baada ya kizimba. Mara akapiga kelele, "Dakta, huyu anasonga!" Nikainama. Alikuwa anasonga kweli. Sisimizi alikuwa anamburuta.

Nilimwandikia Twiga. Na sikiliza jibu, kwa sababu hili lingekukera kuliko yote: mbu wa Nyakach wapo hai. Yale mayai uliyowatumia zamani yalianguliwa, ukoo ukaendelea, na huko ng'ambo wanakaa kwenye chumba chenye joto, unyevu, kila kitu. Hata jina la kwenu limebandikwa mlangoni. Ila kuturudishia hawezi. Mkataba wa kubadilishana mbu ulikuwa sehemu ya mradi, na mradi umekwisha. Ili tupate mkataba mpya lazima tupate mradi mpya. Nikaketi nikaandika maombi, wafadhili wakajibu vizuri tu, kwa adabu: mbu mnaotaka kuwafanyia utafiti mnao? Nikasoma hilo swali mara nyingi sana.

Unaniuliza kwa nini nisirudi Pap Onditi na ndoo. Nilirudi. Nilienda kwa gharama yangu, nikaanguka kwenye tope mbele ya ndugu zako wote, wakafurahi sana. Viluwiluwi nilipata. Lakini ungekuwa wa kwanza kuniambia kwamba hao ni wageni tu. Vipimo vya Akinyi vyote ni vya ukoo ule ulioulea wewe; kuanza na wapya ni kuanza shahada upya, na hakuna mwenye kumlipia.

Yuko kwao Port Victoria sasa. Anamsaidia mama yake kununua na kukausha dagaa wa omena. Kila Jumatatu ananitumia ujumbe: "Dakta, kuna neno?" Nami, kwa huu ulimi wangu laini uliokuwa ukiucheka, ninamjibu, "Bado, tunafuatilia." Wiki iliyopita shule moja huko ilimwita akafundishe biolojia. Akawaambia wangoje kidogo, chuo kinamshughulikia. Chuo chenyewe ni mimi. Mimi na mataulo.

Nimekaa nikitafuta mlango mwingine, dada, nimeuzunguka ukuta wote. Hakuna. Kama upo, ni wewe tu uliyekuwa na ufunguo wake, na hukuniachia.

Kwa hiyo kesho naenda Port Victoria. Nitamwambia akubali kazi ya shule, na akubali kesho hiyo hiyo kabla hawajampa mtu mwingine. Nitamwambia mama yake akiwepo, ili apate wa kumshika. Nakuahidi sitasema tunafuatilia, sitasema Mungu ana mpango wake, sitasema wewe ungetaka hivi, maana najua hukutaka hivi. Nitasema imeisha, halafu nitafunga mdomo, jambo ambalo hujawahi kuniona nikilifanya.

Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie mimi, yeye mwache. Kwaheri, nyar Nyakach. Kazini sina tena habari ya kukuletea.

Wako,
Okoth