Barua Ambayo Mejumaa Hakuisoma

Nakuru, Ijumaa baada ya sala

Kwa binti yangu Mwanamisi, Msambweni.

Assalaam alaykum. Zikufikie salamu za baba yako, ambaye siku hizi Nakuru nzima inamtegemea kwa kusoma na kuandika. Asubuhi watu hupanga foleni mlangoni kwa Bakari fundi cherehani, na hata karani wa serikali huja kuniuliza maneno magumu.

Huo ni uongo. Huja watu wawili tu, na mmoja hufuata kahawa yangu. Wewe wajua elimu yangu ilikomea darasa la pili. Lakini kuandika naandika mwenyewe, na kusoma nasoma, neno moja moja, kama mzee anayeshuka ngazi.

Hujambo wewe? Mumeo kifua kimepoa? Na mjukuu wangu Mejumaa anakwenda skuli, au bado anawinda matunda ya mabungo porini? Mimi si mzima sana. Baridi ya huku imeingia magotini, na nikiketi kwenye cherehani huvaa sweta la kike lenye maua kifuani, lililoachwa na mteja. Ukisikia hilo la sweta, cheka, kisha ujue kwamba mtoto anasoma kweli.

Barua hii nimempa Mzee Salimu, aliyestaafu reli na anarudi kwao Ukunda. Nimemwambia akupe sharti langu kwa mdomo: asiisome mwenye duka. Aisome Mejumaa, kidole chini ya neno, hata ikichukua siku nne. Sababu nilikuficha nilipokuja msibani. Sasa nakwambia.

Mwaka jana, bendera ya Uhuru ikiwa bado haijapauka, nililazwa hospitali wiki tatu kwa huu mguu. Nikamwandikia mama yako kwamba naogopa, kwamba huenda wakaukata, aje yeye au amtume kaka yake, yule mvivu. Jibu likaja, limeandikwa na mwenye duka kwa maneno ya mama yako: "Tumefurahi kusikia u mzima. Sisi pia wazima. Tunaomba leso." Mwanangu, nililisoma mara tano nikiwa chali kitandani. Nikasema, mke wangu ananicheka. Nikanuna. Miezi saba sikuandika hata mstari.

Kilichofuata ni simu ya kifo chake.

Nilifika siku ya tatu, hitima inasomwa. Watu walipokwisha kula, ulinitolea barua zangu sandukuni mwake, zimefungwa kwa pindo la leso. Nikachomoa ile ya hospitali, nikampa Mejumaa awasomee wazee, nipate kuwaaibisha nyote. Ndiyo, hiyo ndiyo iliyokuwa nia yangu. Mtoto akaishika kwa mikono miwili, akasoma kwa mahadhi, hakukwama popote: "Ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya njema, hofu na mashaka ni juu yenu nyumbani." Wazee wakasema mashallah. Wewe ukalia, ukasema, "Baba, hivi hivi ndivyo alivyomsomea mama siku ile." Mimi nikatazama mkeka.

Kesho yake nikamwita uani, penye kinu.

"Mejumaa, hapa pameandikwa nini?"

"Hapo ni salamu, babu."

"Na hapa katikati?"

"Salamu pia."

"Na huku chini?"

"Huko ni wasalaam."

"Barua yangu nzima ni salamu tupu?"

"Barua zote ni salamu, babu," akaniambia, akinihurumia kwa ujinga wangu.

Hakuwa mwongo. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, husoma kwa kuitikia, wote sauti moja, mpaka juzuu ikae kifuani. Akaona barua nayo ni juzuu fupi. Na nani aliyemsifu kwa kusoma mbio? Ni mimi. Nilipokuwa likizo nilikuwa nikimwambia, "Mbio, mbio, kama basi linalowahi feri," na akikwama namtajia neno kabla hajalitazama. Mama yako naye hakutaka mwenye duka ajue siri zetu, majibu tu ndiyo aliyomwandikisha, basi mtoto wa miaka tisa ndiye aliyekuwa macho ya nyumba.

Ndiyo maana zile siku arubaini ulituona kila alasiri na karatasi za majani ya chai na boksi la sabuni. Ukaniuliza, "Baba, mtoto amehitimu juzuu, wamfundisha nini tena kwa takataka za dukani?" Nikakujibu kwamba namfundisha kuuza sabuni. Sikuweza kusema. Mama yako alikufa akiamini nimenyamaza kwa sababu nimeoa huku. Jirani yenu ndiye aliyenieleza, akidhani ananichekesha. Mwanamke gani angenitaka kwa meno haya manne? Lakini wa kumwambia hivyo hayupo tena.

Sasa keti na mtoto. Herufi huzijui, hilo halina neno, masikio unayo. Akikwama, nyamaza. Usimtajie, usimpige. Akimaliza mstari, akueleze kwa maneno yake mwenyewe umesema nini. Akishindwa kueleza, basi hakusoma, ameimba. Na lile la bibi yake usimlaumu hata kidogo. Akilia akifika hapa, ikunje karatasi, muendelee kesho.

Nisalimie mumeo, na shangazi yako mkubwa anayeniombea dua huku akinisengenya. Nisalimie mjomba wako pia. Mwambie barua ile haikumfikia, lakini neno nililomwita ndani yake silifuti.

Ni mimi baba yako,
Bakari fundi

Mejumaa, hapa chini ni pako peke yako. Bibi yako alikuwa akikupa kipande cha halua kila ulipomsomea barua yangu. Siku ya ile ya hospitali halua uliila, na barua hukuisoma. Kwa hiyo nakudai. Itoe sandukuni, ukae chumbani kwake, uisome yote kwa sauti, polepole, hata pale ninaposema naogopa.